Kompyuta ya zamani, USB 2.0 tupu: kisoma kadi nikiunganishe wapi?

Mleta uzi: Wakuu, heshima kwenu. Nina Dell OptiPlex 780, kasha kubwa la kusimama, Windows 7, poti zote USB 2.0. Kazi ni kuhamisha picha za harusi kutoka memori kadi ya SDXC, GB 64, UHS-I (daraja la kasi la memori kadi). Dukani mmoja anasema nichukue kisoma kadi cha USB 3.0, mwingine kile cha kufunga ndani. Kipi kitaongeza kasi?

Fundi Bodi: Hapo hakuna, mkuu. Kinachokubana ni poti. USB 2.0 imeandikwa Mbit 480 kwa sekunde, yaani MB 60, lakini kwenye kunakili utaona MB 30 hadi 35, kwa hiyo memori kadi iliyojaa itachukua zaidi ya nusu saa. Kisoma kadi cha USB 3.0 kitasoma hapo, ila kwa mwendo uleule. Cha ndani nacho kwa kawaida huchomekwa kwenye pini 9 za USB 2.0 za bodi. Umenunua unadhifu tu.

Fungua kasha, tafuta sloti fupi ya PCIe x1 (nafasi ya kuongeza kadi kwenye bodi), uweke kadi ya kuongeza poti za USB 3.0, kisha kisoma kadi cha USB 3.0 ukichomeke nyuma hapo. Sloti hiyo ni ya kizazi cha kwanza, MB 250 kwa sekunde. UHS-I mwisho wake ni MB 104, kwa hiyo nafasi inabaki.

Mleta uzi: Nashukuru mkuu. Kuna kadi za USB 3.0 zenye tundu la umeme na zisizo nalo. Zina tofauti gani?

Fundi Bodi: Zenye tundu huchukua volti 5 kutoka pawa saplai. Ukiacha kuunga waya huo, kisoma kadi hakionekani, au kinaonekana kisha kinapotea katikati ya kunakili, na watu huishia kulaumu memori kadi. Hakikisha kuna plagi ya umeme ya SATA (kama ile ya diski) iliyobaki wazi. Kabla ya kushika chochote, chomoa waya wa ukutani na gusa chuma cha kasha.

Mdau wa Draiva: Windows 7 haina draiva (programu za kuendesha kifaa) za USB 3.0. Soma jina la chipu kabla ya kulipa: Renesas µPD720202 au VIA VL805 zina draiva zake. Kadi isiyo na jina la chipu iache dukani.

Pikseli: Usipoteze hela kwa kisoma kadi cha UHS-II (daraja la juu ya UHS-I), memori kadi yako haina safu ya pili ya pini. Tena diski ya zamani ya kompyuta yenyewe huandika kama MB 80 hadi 100, ikikaribia kujaa hushuka. Bila SSD (diski ya kasi isiyozunguka), hapo ndipo utakapogota.

Mgeni: Na laptop yenye tundu la ExpressCard (la kuchomeka kadi za nyongeza ubavuni)?

Fundi Bodi: Pima upana kwanza: kadi ya mm 34 inaingia tundu la mm 54, kinyume chake haiwezekani. Halafu uliza kama inatumia njia ya PCIe. Visoma kadi vingi vya bei rahisi vya ExpressCard, ndani yake ni USB 2.0 ileile.