MJADALA: Muuza dawa alazimishwe kutaja kilichomo kwenye chupa?

Mtoa mada: Wakuu, nina kisa cha zamani, ila ugomvi wake upo mpaka leo. Mwaka 1897 kijana wa Birmingham, Charles Henry Stevens, anaumwa kifua kikuu. Wakati huo tiba hakuna. Streptomycin, dawa ya kwanza ya kuutibu, imekuja kupatikana miaka ya 1940. Anashauriwa aende Afrika Kusini akapate hewa kavu. Huko mganga wa Kisotho anamchemshia mizizi, anakunywa, anapata nafuu. Akarudi Uingereza akaanza kuiuza kwenye chupa kama dawa ya kifua kikuu.

Mzizi gani? Hakusema. Aliuita tu "umckaloabo", basi.

Mwaka 1909 BMA, chama cha madaktari wa Uingereza, kikatoa kitabu *Secret Remedies*: dawa za siri zimepimwa moja moja, kilichomo na gharama yake halisi. Ya Stevens ikaangukia kapu la utapeli. Akaenda mahakamani. Mwaka 1912 wazee wa baraza hawakuafikiana, 1914 akashindwa.

Sasa patamu hapa: miaka ya 1970 watafiti wa Ujerumani wakaujua ule mzizi. Ni *Pelargonium sidoides*, na leo dawa iliyokamuliwa humo inauzwa maduka ya dawa huko kwa ajili ya mkamba (bronkaitisi). Angeutaja mapema, ungepimwa mapema. Mimi nasema sheria imlazimishe. Karibuni.

Mjukuu wa Mganga: Angeutaja, angeporwa. Kampuni ya Kijerumani, Schwabe, ilijichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya namna ya kukamua mzizi huohuo. Mpaka wanakijiji wa Alice, Eastern Cape, Afrika Kusini, walipoweka pingamizi, ndipo Ofisi ya Hataza ya Ulaya, iliyoko Munich, ikaifuta, Januari 2010. Na huyo Stevens mnayemhurumia, siri aliyoificha ilikuwa yake?

Nesi Mstaafu: Nyie mnagombania mzizi, mimi nafikiria watoto. Marekani kulikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya mtoto anayeota meno. Kwenye tangazo mama ametulia na kichanga chake, picha ya kupendeza kweli. Ndani ya chupa kuna mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Mtoto analala, mama anashukuru, kesho anaongeza kijiko. Wapo ambao hawakuamka. Sheria ya 1906 ndiyo iliyolazimisha mofini, afyuni, kokeini na pombe kuandikwa kwenye lebo. Unamfichia nani siri kama hiyo?

Wakili wa Kijiweni: Nesi uko sawa, ila lebo peke yake haikutosha. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyeuza "tiba" ya saratani: sheria ile ilikataza uongo kuhusu kilichomo, siyo uongo kuhusu kuponya! Bunge likaja kuziba tundu 1912, na hapo bado serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Akisema "mimi naiamini dawa yangu", utamfanya nini?

Halafu dawa hizi za siri watu huziita dawa za hataza, wakati nyingi hazikuwa na hataza kabisa. Hataza unapewa kwa kutaja siri yako. Wao walisajili jina, wakaifungia siri kabatini.

Mtu wa Arusha: Kutaja hakuzuii kitu. Loliondo 2011, kwa Babu aliyegawa dawa ya kikombe, mti ulijulikana, mugariga, kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilipungua?

Mtoa mada: Hapo kwa Arusha nimekamatika. Na nikubali jingine: nafuu ya Stevens haithibitishi chochote, maana hata enzi hizo kuna wagonjwa wa kifua kikuu waliopona wenyewe. Wao ndio walibaki kutoa ushuhuda. Waliokunywa chupa wakafa hawakuandika barua za shukrani. Na kusaidia mkamba siyo kutibu kifua kikuu.

Basi nirekebishe: asiutaje kwa mnunuzi, autaje kwa mpimaji wa serikali, kwa siri, na asiuze mpaka apimiwe.

Nesi Mstaafu: Hilo naliunga mkono. Ila sumu iandikwe kwenye lebo, siri au si siri.

Mjukuu wa Mganga: Na mpimaji akiipeleka siri kwa kampuni, babu yangu akamshtaki wapi, Munich?