Vifaranga wanafia ndani ya ganda siku ya 20, Dar es Salaam: maji kwenye mashine niweke au nisiweke?

TeteaWaKigamboni
Habari wakuu. Naomba msaada kabla sijaingiza mayai mengine. Mashine ya kutotolesha ni ya mayai 56, ina feni na inageuza yenyewe, ipo ndani Kigamboni. Mayai ni ya kienyeji, jogoo mmoja kwa matetea nane. Joto 37.8. Mifereji yote miwili ya maji inajazwa tangu siku ya kwanza kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, na kipimo cha unyevu kinasoma 65 hadi 68 muda wote. Siku ya 7 na ya 14 nikimulika kwa tochi, karibu yote yana uhai. Siku ya 21 wanatoka nusu tu. Yaliyobaki nikiyavunja nakuta kifaranga kamili mwenye manyoya, shingo imevimba, amelowa maji mazito yanayonata. Tatizo ni mbegu, joto au maji? Na umeme hukatika kwa masaa mawili matatu, hilo nalo lina mchango?

FundiTotoa
Mkuu, mbegu iondoe kwenye hesabu. Yai lisilo na mbegu siku ya 7 linaonekana jeupe tupu, na kifaranga aliyefika siku ya 20 na manyoya yake hana kesi na jogoo. Hapo ni maji, tena mengi.

Yai linatakiwa lipoteze asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Maji yanayotoka huacha nafasi upande butu, ndiyo mfuko wa hewa. Siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa utando kwa mdomo na kuvuta pumzi ya kwanza ndani ya mfuko huo, kabla hata hajagusa ganda. Ukiweka unyevu 65 kwa siku 18, maji hayatoki, mfuko unabaki mdogo, kifaranga anakuwa amevimba na hana pa kujigeuzia. Akitoboa anakutana na maji badala ya hewa.

Sasa angalia hali yetu ya Pwani. Hewa yenye joto 28 na unyevu 80, ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi 37.8 bila kuongezwa hata tone, unyevu wake unashuka hadi kama 46. Na kinachotakiwa siku 18 za kwanza ni 45 hadi 50! Kwa hiyo mifereji iache mikavu. Unyevu ukishuka chini ya 40, jaza mfereji mmoja, ule mwembamba. Kinachotawala unyevu ni upana wa uso wa maji, siyo kina chake, kwa hiyo kujaza mfereji nusu hakusaidii kitu.

Usitegemee kipimo peke yake. Chukua mizani ya jikoni, pima mayai yote pamoja siku ya kwanza. Mayai 30 yenye gramu 1,500 yanatakiwa yapungue takriban gramu 10 kwa siku: siku ya 7 yasome kama 1,430, siku ya 14 kama 1,360, siku ya 18 kama 1,320. Yakipungua polepole, fungua tundu la hewa zaidi. Yakipungua haraka, ongeza maji. Ukitoa yaliyo viza, pima upya yaliyobaki uanze hesabu kutoka hapo. Mizani haidanganyi kama kile kipimo cha kwenye kifuniko.

Nyanda_za_Juu
Naongezea kwa anayesoma akiwa Njombe, Makambako au Mbeya: ushauri wa mifereji mikavu usiuchukue hivyo hivyo. Hewa ya joto 15 na unyevu 70 ikipashwa ndani ya mashine inashuka chini ya 20. Huku bila maji utapata tatizo la kinyume: mfuko wa hewa mkubwa kupita kiasi, utando umekauka na kumbana kifaranga, anatoboa kisha anakwama hapo hapo.

Na kabla ya kuamini hiyo 65 yako, hakiki kipimo. Chumvi ya kupikia kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linalofunga kabisa, masaa 8. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 69, kila siku ongeza 6 kwenye kinachoonekana. Joto nalo lilinganishe na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya uvuguvugu. Joto pungufu linachelewesha hadi siku ya 22 au 23, na kiini kinabaki nje ya tumbo. Joto likizidi wanatoka siku ya 19, wadogo, vitovu vina damu.

MamaVifaranga
Ndugu, siku tatu za mwisho ndizo zinazohitaji maji. Siku ya 18 zima kigeuzio, toa trei zake, laza mayai kwa ubavu juu ya kipande cha taulo (kwenye plastiki tupu miguu hutanuka na kifaranga hasimami tena), kisha jaza mifereji yote miwili, unyevu ufike 65 hadi 70. Baada ya hapo kifuniko hakifunguliwi. Pitisha mrija wa dripu kwenye tundu la hewa, ongeza maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano ukiwa nje.

Umeme ukikatika masaa mawili matatu haui, unachelewesha tu. Usifungue, funika mashine kwa blanketi. Lakini kuanzia siku ya 14 acha matundu wazi, maana mayai yenyewe yanatoa joto na yanavuta hewa. Hatari kubwa ni joto kupanda juu ya 40, kwa hiyo mashine isikae karibu na dirisha linalopigwa jua.

Kingine, mayai unayahifadhi wapi? Chumba cha nyuzi 29 kinaamsha mbegu nusu nusu, inadhoofika kabla ya kuingia. Kusanya mara mbili tatu kwa siku, ncha chini, yasizidi siku nne, na usiyaoshe. Friji nayo ni baridi mno.

TeteaWaKigamboni
Asanteni sana. Yapo sebuleni juu ya kabati, siku sita hadi saba, nitapunguza. Akishatoboa ganda akakaa muda mrefu, nimsaidie?

MamaVifaranga
Kutoboa hadi kutoka huchukua masaa 12 hadi 24, anapumzika huku kiini kinamalizika kuingia tumboni na damu inaondoka kwenye utando. Ukimenya mapema utaona damu, na hapo unamuua. Yakipita 24 bila mabadiliko, lowesha utando kwa pamba ya maji ya uvuguvugu, menya kidogo upande butu tu, ukiona damu acha na urudishe. Waliokwisha toka wabaki ndani hadi wakauke. Wanaweza kukaa siku mbili bila chakula, kiini kinawatosha. Bruda (sehemu ya joto ya kulelea vifaranga) iwe imeshapashwa, nyuzi 33 hadi 35, kabla hujawahamisha.