Kiwanda cha alizeti, nikikopa milioni 26 niweke sola: ni faida au nazika mtaji?

Mkamuaji: Habari za jioni wakuu. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida, mashine moja yenye mota ya hospawa 15. Msimu ukichanganya umeme wa LUKU unakula milioni kwa mwezi. Tunaanza Juni, Novemba mbegu zimeisha, mashine inalala. Mgao wa 2023 ulininyoosha, faida yote iliishia kwenye tenki la jenereta. Sasa kuna kampuni imeniletea makadirio ya sola ya kilowati 20: milioni 26 bila betri, 45 na betri za lithiamu. Benki wako tayari, riba asilimia 17. Niingie au nitulie?

Mhasibu wa Kijiweni: Mkuu, tupige hesabu. Kila kilowati ikupe uniti 4 kwa siku, jumla 80. Siku 26 za kazi ni uniti 2,080. Uniti ya T1, daraja la bei la TANESCO unalolipia wewe, pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, kwa hiyo unaokoa kama 740,000 kwa mwezi. Tamu. Ila unakamua miezi sita tu, basi mwaka mzima ni milioni 4.4. Riba ya milioni 26 mwaka wa kwanza? Milioni 4.4 hiyo hiyo! Jua lote linaishia benki na deni hujaligusa. Hiyo ya 45 hata sipigi.

Mama Sembe: Mimi niko Kibaigwa, nasaga mwaka mzima na sola imenibeba kweli. Mashine yangu inaunguruma mchana, miezi yote. Wewe paneli zako nusu mwaka zitakuwa zinaota jua kama mijusi.

Fundi Jua: Wamekwambia kwamba bila betri TANESCO wakikata na sola nayo inazima? Inverta, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa paneli utumike kwenye mashine, za kuunganishwa na gridi ndivyo zilivyo, zisije zikarudisha umeme kwenye waya fundi akiwa juu ya nguzo. Na vumbi la maganda ya alizeti likichanganyika na mafuta linaganda kwenye kioo, mvua hailing'oi. Tenga hela ya kuosha.

Mkamuaji: Dah, hilo la kuzima hawakuligusia kabisa! Nilidhani ndiyo naagana na jenereta. Ingawa tangu bwawa la Nyerere lianze kuzalisha 2024, naiwasha mara chache.

Mhasibu wa Kijiweni: Basi acha kulinganisha na dizeli ya 2023. Uniti ya jenereta inapita shilingi elfu, pale sola inarudisha hela haraka. Leo unashindana na 356. Kama roho inataka, anza na kilowati 6 kwa hela yako, bila mkopo. Na tafuta kazi ya kuanzia Desemba mpaka Mei.

Mkamuaji: Nimewaelewa, benki kesho siendi. Mama Sembe, kinu cha mahindi na mota yake vinasimama bei gani huko Kibaigwa? Nije PM?