Naomba ushauri: nawatetea wafanyabiashara, na sasa nimeteuliwa kwenye bodi ya umma

Wakubwa shikamooni. Nimeajiriwa na chama cha wafanyabiashara hapa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuandika maoni na kufuatilia wizarani ili tozo zinazowaumiza wanachama zipunguzwe. Hivi karibuni niliteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya taasisi ya umma inayotoza mojawapo ya tozo hizo. Juzi dereva aliniletea kabrasha la kikao nyumbani Mwenge. Kufungua ajenda ya sita, nakuta kiambatisho ni barua ya chama ya kuomba tozo hiyo ipunguzwe, niliyoiandika na kuisaini mwenyewe. Mwenyekiti anasema nitangaze maslahi (yaani niseme wazi kwamba jambo hilo linanihusu) kisha nibaki kitini bila kuchangia. Je, inatosha?

Katibu Mstaafu: Ndugu mleta mada, haitoshi, kwa sababu wajumbe wenzako hawatasema waziwazi kwamba hoja ya barua yako ni dhaifu huku wakikutazama usoni. Mwandikie katibu kabla ya kikao, na ajenda hiyo ikifika utoke nje, muhtasari uonyeshe ulitoka saa ngapi na ukarudi saa ngapi. Kisha iulize Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayotajwa katika Ibara ya 132 ya Katiba, kama cheo chako kinaguswa na Sheria ya Maadili ya mwaka 1995.

Msoma Sheria: Isome upya barua ya uteuzi: umeingia kama mwakilishi wa sekta binafsi au kwa utaalamu wako binafsi? Marekani mwaka 2010 serikali ya Barack Obama iliwazuia washawishi waliosajiliwa (wanaolipwa kuishawishi serikali kwa niaba ya wengine) kuteuliwa kwenye bodi na kamati za ushauri, lakini mwaka 2014 ikalegeza kwa wanaoingia kuwakilisha kundi fulani. Nyingi kati ya hizo ni za kushauri tu, yako inaamua.

Mzee wa Posta: Mnamtoa nje ya chumba, ilhali kabrasha ameshalisoma! Jumatatu mwajiri wake akimuuliza menejimenti imependekeza nini, atajibuje?

Mleta mada: Mzee, umenigusa penyewe, maana mkurugenzi wangu ameshaniuliza. Barua ya uteuzi inataja utaalamu tu. Nitarudisha kabrasha, nimwombe katibu asiniletee tena karatasi za tozo hiyo, na chamani faili la tozo hiyo alishike mwenzangu. Mkurugenzi akikataa, nitaandika barua ya kujiuzulu ujumbe wa bodi kabla ya kikao.