MREJESHO: Sauti ya mhubiri kukauka na pesa ya nyumbani kuishia mkutanoni (Igoma, Mwanza)

Shalom wapendwa. Niliuliza mhubiri wa uamsho afanyeje ili sauti isikatike kwenye mkutano wa nje, na gharama zisiile familia. Mungu awabariki nyote mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni spika ya monita, yaani ile inayomrudishia mhubiri sauti yake. Iwekwe chini jukwaani, imtazame mhubiri, mgongo wa maiki ukiielekea. Ikikaa upande wa mdomo wa maiki inapiga mluzi. Mhubiri akiisikia vizuri sauti yake mwenyewe hapigi kelele, hata upepo wa ziwa ukivuma alasiri. Maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Baada ya ibada ni kimya kabisa, hata kunong'ona hapana, kunachosha koo. Tangawizi iliburudisha tu, sauti haikurudi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, aende kwa daktari wa koo huku maombi yakiendelea.

Pesa tumefanikiwa nusu. Ada ya shule na chakula cha nyumbani vilitengwa kwanza, kama 1 Timotheo 5:8 inavyotaka, na sadaka anashika mhazini wa kamati. Ila mafuta ya jenereta bado yalitoka mfukoni mwa mhubiri, maana ahadi nyingi za michango hulipwa mkutano ukishaisha. Kwa hiyo mkutano ujao, Buhongwa, hatukodi vyombo vya sauti mpaka ahadi ziingie.