Mlango wa vipande viwili haukutani sawasawa: nimruhusu fundi aurande?

Mkazi wa Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Mlango wangu wa mbele ni wa mninga, vipande viwili, kila kimoja kina bawaba tatu za inchi 4. Tangu masika yaanze, cha kulia kimeshuka kama milimita 6 kuliko mwenzake, na chini kinakwaruza marumaru hadi kimechora nusu duara. Katikati navyo, juu vinabanana, chini kidole kinapita. Kufunga kitasa mpaka uunyanyue mlango kwanza. Fundi kaja kuuona, kasema ni unyevu, anataka kuranda chini na katikati. Mninga wenyewe mnaujua bei yake. Nimwache?

Seremala Mstaafu:
Mzuie kwanza. Mbao huvimba kwa upana. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kukwaruza sakafu. Mlango unaobana juu na kuachia chini umelala, haujavimba. Ufungue nusu, shika kitasa, nyanyua huku mwenzio akitazama bawaba ya juu. Ikicheza, umeshampata mchawi.

mama_wawili:
Jirani yangu alirandiwa wake mwezi wa nne. Kiangazi kilipoingia mbu wakawa wanapishana katikati bila hata kugusana mabawa 😂

Pima Maji:
Fremu nayo itazamwe. Shusha timazi (uzi wenye kizito) kwenye miimo yote miwili, yaani nguzo za pembeni za fremu, halafu pima kwa futi kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikipishana, fremu imekaa mshazari na bawaba utazilaumu bure.

Mkazi wa Kigamboni:
Nimefanya vyote. Kona kwa kona ni sawa, timazi pia. Ila bawaba ya juu inacheza kweli! Skrubu mbili za upande wa fremu zinazunguka tu, hazikamati kitu.

Seremala Mstaafu:
Basi randa irudi kwenye boksi. Anza na kile kipande kisichofunguliwa kila siku: kifunge makomeo ya juu na chini kisimame imara, maana ndicho utakachopimia mwenzake. Cha kulia kisukumie kabari chini mpaka vichwa vilingane.

Sasa toa skrubu za bawaba ya juu. Matundu yaliyolegea yajaze vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, vikaze hadi visiingie tena, kata usawa wa fremu, acha hadi kesho. Kabla ya kurudisha skrubu toboa tundu jembamba, mninga ni mgumu, ukilazimisha skrubu itakatikia ndani na hapo utanitukana. Weka ndefu kidogo kuliko za mwanzo ili zikamate mbao ambayo haijaguswa.

Kikiwa bado kimelala kidogo, legeza bawaba ya CHINI upenyeze kipande cha kadibodi ngumu nyuma yake. Chini kunasukumwa kuelekea katikati, kona ya kitasa inapanda. Ukiiweka kadibodi juu unazidisha ugonjwa.

Kijana wa Ujenzi:
Mzee, si bora abadilishe bawaba zote tu? Hizi za siku hizi bati tupu.

Seremala Mstaafu:
Kama pini yake imelika, abadilishe. Kama ni skrubu tu, bawaba mpya kwenye tundu bovu italegea vilevile.

Mkazi wa Kigamboni:
Mrejesho: vichwa vimelingana, sakafu haiguswi, kitasa kinaingia kwa kidole kimoja. Kadibodi ilihitajika, kipande kimoja. Kilichobaki, ule mfaa wa katikati (ubao wa pale vipande vinapokutana) unagusagusa kidogo asubuhi, mchana unaachia.

Seremala Mstaafu:
Hapo sasa ndipo unyevu ulipo. Uache hadi mwezi wa nane. Ukiwa bado unagusa, piga msasa ukingo tu, taratibu, mwanya wa milimita 3 unatosha. Halafu pitisha mkono juu kabisa ya mlango uniambie kama una vanishi.

Mkazi wa Kigamboni:
Mbao tupu! Vipande vyote viwili.

Seremala Mstaafu:
Nilijua. Hapaonekani, kwa hiyo hapapakwi, na ncha za mbao ndizo zinazonywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Chini pia itakuwa hivyo hivyo. Siku ya kuushusha upake huko nako.

Pima Maji:
Na iwe vanishi ya nje, sio ile ya makabati.