Naambiwa chakra yangu ya kooni imefungwa, na shingoni pana uvimbe. Naombeni ushauri

UmmKhalil (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum na habari zenu nyote.

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, naishi Temeke. Mume wangu alifariki mwaka jana, na tangu nimalize eda sijakaa sawa. Mambo ya mirathi yamenichosha. Kuna maneno mashemeji zangu walinitolea mbele ya watoto, nikayameza, nikasema basi, Mungu anaona. Tangu siku ile nina donge kooni. Mwanzo nilidhani ni kilio tu, lakini miezi miwili hii hata kwa macho linaonekana, hapa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, upande wa kulia. Haliumi. Moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, usiku natoka jasho, na magauni yote yananipwaya.

Rafiki yangu wa kazini akanipeleka kwa dada mmoja anayetibu kwa nishati. Chumba kimetulia, udi unafuka, mkeka safi. Akanilaza, akapitisha viganja juu yangu bila kunigusa, alipofika shingoni akasimama. Akasema chakra yangu ya tano imefungwa, na kwamba maneno niliyoyameza ndiyo yaliyokaa hapo. Jamani, nililia kama siku ya msiba. Nusu saa nzima nalia, yeye kanishika mkono tu. Nilitoka pale mwepesi, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu mume wangu aondoke.

Sasa anataka vikao saba, kila kimoja 60,000. Viwili nimeshalipa. Juu yake kuna jiwe la buluu la kuvaa shingoni, kwa sababu rangi ya koo ni buluu. Na amenisihi nisikimbilie hospitali, eti dawa zitaifunga tena.

Naomba mwenye ujuzi anieleweshe. Chakra ni nini hasa kwa wenyewe Wahindu? Ni kiungo cha mwili? Kweli inafungwa na kufunguliwa? Na mimi Muislamu, nimeingia pabaya?

Nesi_wa_Zamu

Dada yangu, pole sana. Mambo ya chakra watakujibu wengine. Mimi naomba ufanye mambo mawili leo hii.

Chukua glasi ya maji, simama mbele ya kioo kwenye mwanga mzuri, inua kidevu kidogo, piga funda moja na umeze huku unatazama shingo. Kama uvimbe unapanda na kushuka pamoja na koromeo, basi huenda uko kwenye tezi ya thairoidi. Halafu nyoosha mikono mbele, vidole vimetanuka, mtoto akuwekee karatasi juu ya vidole. Tazama kama karatasi inatetemeka.

Moyo kwenda mbio, jasho la usiku, kupungua mwili na uvimbe mahali hapo, vyote kwa pamoja, ni picha ninayoiona sana kwa watu ambao tezi hiyo inatoa homoni kupita kiasi. Sisemi ndiyo wewe. Nasema usikae nayo. Kuna kipimo cha damu cha homoni na kuna ultrasaundi ya shingo. Uvimbe mwingi wa hapo si wa hatari, lakini hakuna kiganja kitakachokwambia upi ni upi. Sauti ikianza kukwaruza, au chakula kikikwama, usingoje miadi.

Anayekwambia usiende hospitali, hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana.

MzeeKitabu

Bi UmmKhalil, pole kwa msiba na pole kwa hayo ya mirathi. Ushauri wa nesi utangulie, haya yangu yasome ukiwa kwenye foleni ya maabara. Jambo hili nimelisoma miaka mingi kwa mapenzi, kwa hiyo unisamehe nikirefusha.

Chakra ni neno la Kisanskriti, maana yake gurudumu, au duara. Fikra ya kwamba mwili una njia zisizoonekana ni ya kale sana India. Katika Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu, mna maneno kwamba moyo una mishipa mia na moja, na mmoja wao unapanda hadi utosini. Anayeondoka kwa njia hiyo hafi tena. Lakini chakra kwa mpangilio tunaousikia leo zimetoka kwenye tantra, mapokeo yaliyokuja karne nyingi baadaye. Wala hazikuwa saba kila mahali. Hevajra Tantra ya Wabudha ina nne tu. Wengine wana tano, wengine sita, wengine zaidi ya hapo. Ingekuwa ni kiungo kama figo, walimu wasingehitilafiana idadi.

Na hawakuwa wakikosea hesabu. Kwa mtawa, chakra ilikuwa mahali pa kutulizia macho ya ndani. Anakaa, anashusha pumzi, anajichorea ua la yungiyungi kwenye uti wa mgongo, juu ya kila petali anaweka herufi takatifu, katikati anamkaribisha mungu anayemwabudu. Ukoo huu wa maguru, yaani walimu wa kiroho, unafundisha maua manne, ule unafundisha sita, kwa kadiri ya ibada yao. Ua linajengwa na anayelitafakari.

Mpangilio ulioenea zaidi, wa sita na moja ya utosini, umetoka kwenye andiko la Purnananda wa Bengal, la mwaka 1577. Jaji mmoja Mwingereza wa Mahakama Kuu ya Calcutta, John Woodroffe, alilifasiri na kulichapisha mwaka 1919 akijiita Arthur Avalon, na kwa mlango huo likaingia Ulaya na Marekani. Sasa itazame koo yako humo. Inaitwa Vishuddha, yaani iliyotakasika. Ua lake lina petali 16, rangi yake ni zambarau yenye moshi, si buluu. Juu ya petali hizo zimeandikwa irabu 16 za Kisanskriti. Jumlisha petali za maua yote sita, 4, 6, 10, 12, 16 na 2, utapata 50, ndizo herufi za lugha yao. Mimi hapa husimama kila mara. Watu walichukua lugha nzima wakaipanga ndani ya mwili wa binadamu, na irabu, zile sauti zinazotoka na pumzi bila kuzuiwa na ulimi wala midomo, wakaziweka kooni.

Lengo la yote hayo ni nguvu iitwayo kundalini, inayochorwa kama nyoka aliyejikunja mara tatu na nusu chini ya uti wa mgongo. Ipande ua kwa ua hadi utosini, Shakti, nguvu ya kike ya kimungu, akutane na mungu Shiva, na mtu atoke kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Maandiko ya hatha yoga, ile ya mikao ya mwili na pumzi, yanataja afya pia, lakini safari ni ya ukombozi. Habari ya kwamba koo inafungwa kwa sababu hukusema yaliyo moyoni haimo kwa Purnananda. Hiyo ni saikolojia ya Magharibi ya karne ya 20. Hata zile rangi za upinde wa mvua, nyekundu chini na zambarau juu, zilienea Marekani miaka ya 1970. Jiwe lako la buluu limetoka huko.

Kijana_wa_Mwanza

Mimi ni Mhindi na pia ni Mhindu, Mgujarati wa kuzaliwa Mwanza, na nakwambia kweli, Bi UmmKhalil: nimekua hadi miaka 20 sijasikia mtu nyumbani akitaja chakra. Sisi ni watu wa Krishna. Bibi yangu aliamka alfajiri, akaoga, akamwagilia mtulasi, mmea wetu mtakatifu, uani, akawasha taa ya samli na kuimba. Ndiyo dini niliyoiona. Chakra nilizikutia kwenye video za Wamarekani, nikaenda kumwuliza baba, akanijibu kwamba hayo ni ya wenye guru, wanaofundishwa kwa diksha, yaani kuingizwa rasmi na guru, hatua kwa hatua, na hayafundishwi kwa haraka.

Kwa hiyo ukisikia "Wahindu wanaamini", uliza Wahindu wapi. Bibi aliugua goita, akapelekwa hospitali, na taa yake akaiwasha vilevile kila asubuhi.

Zuhura_K

Naona mnamshambulia yule dada. Mimi nilikwenda kwa mganga wa nishati nikiwa na maumivu ya mgongo ya mwaka mzima, nikapona. Si kila kitu kinapimwa maabara. Hata yeye mwenyewe kasema alilala usingizi!

MzeeKitabu

Bi Zuhura, usingizi wake siupingi hata kidogo. Mtu aliyebeba kifo cha mume na matusi ya mashemeji, akalazwa mahali tulivu, akashikwa mkono nusu saa bila kukatizwa, atalia na atalala. Ni kweli tupu, na ni haki yake. Ninachokipinga ni ile sehemu ya kiganja kujua.

Hilo limepimwa. Marekani kulikuwa na mtoto wa miaka tisa, Emily Rosa, aliyetaka kujua kama waganga wa mikono wanahisi kweli nishati ya mtu. Akaweka ubao katikati, mganga anapitisha mikono yake miwili kwa chini bila kuona, naye Emily anaweka mkono wake juu ya mmojawapo bila kuugusa. Swali lilikuwa moja tu: upo juu ya mkono gani? Waganga 21, majaribio 280. Walipatia asilimia 44, chini hata ya kurusha shilingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Sisi wenyewe husema roho inaniuma, nina donge la roho, moyo umenipasuka. Ni maneno ya kweli, na hakuna anayempasua mtu kifua kuitafuta hiyo roho inayouma. Bi UmmKhalil ana donge la namna hiyo. Pia ana jingine linaloshikika kwa vidole. Yule dada aliyafanya kuwa moja, na hapo ndipo ninapoogopa.

Zuhura_K

Hapo kwenye hospitali nakubali. Wa kwangu hakuwahi kunizuia. UmmKhalil, nenda mama.

Rajabu_Tanga

Dada yangu, swali lako la dini halijajibiwa. Mimi si shekhe, mwulize imamu wa msikiti wenu kwa uwazi kama ulivyotueleza. Ninavyofahamu, kutulia na kuvuta pumzi hakuna neno. Kutegemea jiwe shingoni kwamba ndilo litakaloponya, hilo ndilo la kuogopa, sawa na hirizi. Uliingia kwa uchungu, hukuingia kwa ukaidi. Allah ni mwingi wa rehema. Na hao mashemeji, mirathi ina hukumu yake, nenda kwa kadhi, usiache haki ya mayatima kwa sababu ya haya.

PumziNaMkeka

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi nafundisha yoga, mwaka wa kumi na moja huu. Nimesikitishwa sana na huyo mwenzetu. Kwa darasa langu mtu akija na uvimbe namrudisha kwa daktari kabla hajakunja mkeka.

Dada, kama kile kilio kilikusaidia, kuna kitu hutalipia. Kinaitwa bhramari, pumzi ya nyuki. Kaa wima, funga midomo, meno yaachane kidogo, vuta pumzi kwa pua, halafu itoe polepole ukivuma mmm, mpaka iishe yenyewe. Utasikia mtetemo kooni na kwenye mashavu. Mara sita hivi, kabla ya kulala. Usiisukume, na kizunguzungu kikija uache. Haiyeyushi uvimbe. Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoutuliza mwili, na wanafunzi wangu waliofiwa huniambia inawafikisha usingizini.

Wanaponiuliza chakra nawachorea yale maua, tunatafakari, lakini sijawahi kumwambia mtu yake imefungwa. Nitaionaje?

UmmKhalil

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi, nisameheni. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Maji niliyajaribu usiku uleule, mwanangu wa kwanza kashika tochi ya simu. Linapanda na kushuka. Karatasi nayo ilitetemeka mpaka ikaanguka, mdogo akacheka akidhani ni mchezo, nami nikacheka naye, lakini usingizi siku ile sikuupata.

Jumatatu nikaenda hospitali. Daktari alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni, akaniambia meza. Nikakukumbuka, Nesi. Wamechukua damu, ultrasaundi wamefanya, kuna uvimbe mmoja wa upande wa kulia. Moyo wamenipa kidonge cha kuutuliza kwa sasa. Majibu ya homoni ni Alhamisi, ndipo wataamua kama watatoboa na sindano kuangalia chembe zake.

Yule dada nimemwandikia kwamba vikao vilivyobaki sitakuja na jiwe sitachukua. Hajajibu. Sina kinyongo naye, mkono alinishika.

Jana wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja na samaki. Nikajikuta namwambia maneno yote ya kaka zake, moja baada ya moja, kama walivyoyasema. Alinyamaza sana. Akasema atakwenda nami kwa kadhi.

Pumzi ya nyuki nimefanya usiku tatu. Khalil anaifanya pia, tena anavuma kunishinda.

Nesi_wa_Zamu

Alhamdulillah umekwenda. Alhamisi usiende peke yako, na uandike maswali kwenye karatasi kabisa, mbele ya daktari mtu husahau. Kidonge cha moyo usikiache ghafla hata ukijisikia nafuu. Miadi ni saa ngapi?

UmmKhalil

Saa tatu asubuhi. Wifi atanisindikiza.

Nesi_wa_Zamu

Natoka zamu ya usiku saa mbili. Nitakuwa macho. Andika hapa ukishatoka kwa daktari.